Ovataimu Niliyoiahidi Kichen Pati

Mimi ni mtu wa ndani. Kazini walikuwa wakinifananisha na konokono, nami sikuwahi kuliona hilo kama tusi: konokono ana nyumba yake, tena hana mwenye nyumba wa kumgongea mlango. Mimi nilikuwa napanga chumba na sebule Kiwalani, ndege zikinipitia juu ya bati kama zinataka kutua kwenye sufuria langu, na bado hapakuwa na mahali duniani nilipopapenda kuliko pale. Ikifika saa kumi na moja jioni miguu yangu ilikuwa inaijua njia yenyewe. Nikifika navua viatu mlangoni, napiga deki hata kama hakuna uchafu, nabandika chai ya tangawizi, navaa dera langu lililofifia maua mpaka hujui kama yalikuwa mawaridi au mabamia, nafungua tamthilia. Basi. Hiyo ndiyo starehe yangu. Siendi ufukweni, siendi shoo, na harusi nazo naendaga kwa kusukumwa.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mtu akinichukulia jioni yangu, amechukua mali. Madam wetu alizichukua za msimu mzima, akala, akafuta mdomo. Naandika nikiwa sijamsamehe, na kwa kweli sijaanza hata kujaribu.

Karakana yake ya kushona sare za shule ilikuwa Keko, mtaa wa nyuma ya mafundi samani. Wao wanapiga msasa mbao barabarani, vumbi linapanda, sisi ndani tuna mashati meupe. Kwa hiyo madirisha yalikuwa yanafungwa mwaka mzima, na joto la mle lilikuwa la kukaangia samaki. Mimi nilikuwa wa marinda. Sketi ya marinda unaikunja kunjo kwa kunjo, unabana kwa pini, unatandika kitambaa kibichi juu, unakandamiza pasi mpaka mvuke unakuosha uso. Watu wananiuliza napaka nini, ngozi yangu nyororo. Napaka sketi za shule. Hayo ndiyo marupurupu pekee niliyoyapata pale bila kuyagombania.

Msimu wetu ulikuwa mwisho wa mwaka, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Siku Madam alipoutangaza alisimama katikati ya meza za kukatia, mkoba begani, akasema kwa ile sauti yake ya kufungulia vikao: "Wasichana wangu, oda ni nyingi. Tutabaki kila siku mpaka isha, na Jumamosi nzima. Ovataimu nitawalipa kama sheria inavyosema, kila saa nitaihesabu moja na nusu. Mie si kama hao wengine."

Tukapiga makofi. Aibu yangu ni kwamba mimi nilipiga kuliko wote. Mtu mwenye cheti cha kidato cha nne, aliyejibu maswali ya uraia kuhusu haki za mfanyakazi mpaka akapata alama nzuri, anapiga makofi kama mtoto aliyeonyeshwa puto.

Na aliposema tutabaki, yeye hakujihesabu. Ikifika saa tisa Madam alikuwa anakusanya funguo zake ili awahi foleni ya kwenda Boko. "Kwangu mbali jamani," anasema, kana kwamba Boko tulimjengea sisi ili tumtese. Sie tunabaki na mvuke. Siku akiwa na roho nzuri anatuma chipsi mayai, sahani moja watu wawili, halafu kesho yake anauliza, "Jana mlikula?" mpaka tumshukuru tena.

Nilivumilia kwa sababu ya sofa. Ukitoka karakana kwetu ukakata kulia, fundi wa tatu alikuwa na sofa la watu watatu, rangi ya kijani cha majani ya mgomba, mikono yake mipana kiasi cha kuweka kikombe bila kisahani. Hebu fikiria mtu kama mimi, mpenzi wa nyumbani, ambaye nyumbani kwake amekalia stuli ya plastiki yenye ufa, na huo ufa kila nikicheka unanifinya paja. Tamthilia za kuchekesha nilikuwa naziangalia nimesimama. Nikalipa kianzio. Fundi akalifunika nailoni, akalisogeza ndani.

"Sista, litakaa hapa mpaka mwezi wa pili uishe," akaniambia. "Baada ya hapo mie si ghala."

"Nina ovataimu yangu kwa Madam," nikamjibu kwa kiburi. "Hata Januari haiishi."

Januari ikaisha. Watoto wakaonekana barabarani na sketi zangu, marinda yamekaa kama kurasa za kitabu kipya, na kila niliyemwona nilitamani nimsimamishe nimwambie: mwanangu, umevaa sofa langu. Mshahara wa mwezi ukaja, ovataimu haikuja. Tukiuliza tunaambiwa shule hazijalipa. Shule zikalipa, tukaambiwa subirini hesabu. Hesabu zenyewe nani anazifanya, hatukuambiwa. Mara tukaambiwa jamani, sisi hapa ni familia, familia haihesabiani masaa.

Shoga yangu wa ovaloki, mashine ya kufungia kingo za vitambaa, mwanamke wa Newala ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha mashine yake, alisema, "Kama ni familia, mbona sipo kwenye urithi?" Lakini alisema akiwa ameinama, Madam akiwa ameshatoka. Sote tulikuwa mashujaa wa baada ya saa tisa.

Mwishowe nikaenda mimi. Si kwa ushujaa. Fundi alikuwa ameshatoa nailoni kwenye sofa ili wateja walione. Nikagonga kile kibanda cha vioo anachokiita ofisi.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Pasi imeharibika?"

"Hapana. Nimekuja kuhusu ovataimu."

Akavua miwani. "Wewe nawe? Wenzako wana watoto, wana waume wa kuwapikia, nikisema nimewachelewesha ni kweli. Wewe? Hebu niambie ukweli, hizo jioni ungeenda wapi?"

"Nyumbani, Madam."

"Sasa! Nyumbani kufanya nini?"

Nikawa natafuta neno zuri. Ningeweza kusema nina mgonjwa, nina kikoba, nina masomo ya jioni. Mdomo wangu mpumbavu ukasema kweli: "Kukaa."

Alicheka. Alicheka mpaka akaweka mkono kifuani, na wa nje ya kioo wakageuka. "Kukaa! Mwanangu, hapa si ulikuwa unakaa pia? Nimekuokolea hata umeme wa tivii. Nenda kafanye kazi."

Mie nilikuwa nasimama, si kukaa. Marinda hupigwa mtu amesimama. Jibu hilo lilinijia nikiwa Kiwalani, nimeshavua viatu.

Kuanzia siku ile nikawa mtu wa kisasi, na niwe mkweli, nilikuwa sina kipaji nacho. Mtu wa nyumbani hana uzoefu wa vita. Nilimwombea foleni ndefu. Nikamwombea umeme wake wa luku uishe siku ana wageni. Nilikuwa nikimpa shikamoo fupi, isiyo na mkunjo wa magoti, nikidhani inamchoma, hata hakuiona. Jumatatu moja nilipiga pasi sketi huku nikiwaza ni uso wake, na sketi ile ndiyo ikatoka nzuri kuliko zote, akaitundika dirishani kuwaonyesha wateja. Ndiyo ujue kiwango changu: nikikasirika, mtu anapata faida.

Ukombozi wangu aliuleta yeye mwenyewe. Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa, na kabla ya harusi kuna kichen pati, na kabla ya kichen pati kuna michango. Mwisho wa wiki moja simu zetu zikalia zote kwa pamoja: Madam ametuingiza kwenye grupu la wasapu la kichen pati, wafanyakazi wote, bila hata kutuuliza. Humo ndani walikuwemo dada zake, majirani wa Boko, wake wa rafiki za mumewe, na ukoo mzima wa mumewe. Mweka hazina alikuwa shangazi wa bibi harusi, yaani wifi yake Madam, dada wa mume. Kwa maneno ya Madam mwenyewe, aliyoyasema kwa simu huku tukimsikia kupitia kioo, huyo wifi alikuwa amemkalia kooni tangu siku yeye Madam alipoposwa.

Utaratibu unajulikana. Kila mtu anaandika ahadi yake kwenye orodha mbele ya wote, kisha anailipa kwa mweka hazina, na akimaliza anawekewa alama ya vema na kupewa kadi ya kuingilia ukumbini. Madam akaandika, kwa herufi kubwa kama anatangaza mnada: "WASICHANA WANGU WA KARAKANA WOTE WAMO HUMU. SISI NI FAMILIA. MTASHANGAA AHADI ZAO."

Halafu asubuhi akatupitia mezani mmoja mmoja. "Asinitie mtu aibu mbele ya mawifi zangu. Na msiogope, asiyekuwa nayo mkononi nitamkata mimi mwenyewe kwenye hela yake, nipeleke."

Shoga yangu wa Newala akanisogelea. "Umesikia? Yetu kuitoa hawezi, ila kuikata anaweza."

Nilisikia. Nikasikia siku nzima. Pasi ilikuwa inapanda na kushuka, na mimi kichwani nasikia: nitamkata kwenye hela yake, nipeleke. Kama mkono wake unaweza kuchukua hela yangu iliyo kwake na kuipeleka kwenye kichen pati, basi anakiri kuna hela yangu iliyo kwake. Nilirudi nyumbani siku hiyo sikupiga deki.

Nikakaa kwenye stuli, nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena. Nikabandika chai ili mikono ipate kazi nyingine. Mwishowe nikanakili orodha kama wanavyofanya watu, na chini ya jirani mmoja wa Boko aliyeahidi keki, nikaongeza langu: "Mimi wa marinda naahidi ovataimu yangu yote ya msimu wa sare. Ipo kwa Madam, atamkabidhi mweka hazina moja kwa moja. Hongera sana bibi harusi."

Nikabonyeza. Halafu nikaifunika simu kwa sufuria, kwa woga, kama vile ni panya niliyemkamata.

Niliposikia inalia chini ya sufuria nikaifunua. Juu ya skrini pameandikwa: Madam anaandika. Pakapotea. Madam anaandika. Pakapotea. Aliandika na kufuta kuliko mimi. Kabla hajaamua, akaingia shoga yangu: "Na mimi wa ovaloki, ovataimu yangu yote, Madam anayo." Akafuata wa vifungo. Akafuata wa kola. Msichana wa kukata vitambaa, ambaye nilidhani hata simu yenye wasapu hana, akaandika: "Na yangu jamani nisiachwe."

Kisha akaja wifi, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi amevaa dhahabu. "Mashallah! Wifi, wafanyakazi wako wana moyo wa peke yake. Sisi ndugu hatujafika hapo. Sasa nisaidie, kwa jumla ni shilingi ngapi unazo za hawa watoto, niandike?"

Madam akajibu: "Tutaongea pembeni wifi."

"Pembeni ya nini tena, mpenzi? Michango yetu yote iko hadharani."

Nilikunywa chai ile ikiwa ya baridi, na sijawahi kunywa chai tamu hivyo.

Asubuhi yake Madam alifika mapema kuliko sisi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alinisubiri mlangoni.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe."

"Nimechanga, Madam."

"Usinichezee! Mtu anachanga hela, hachangi ovataimu."

"Kwani ovataimu si hela?"

Akaniamuru nifute. Nikamwambia hata nikifuta, watu wameshasoma, na wifi ameshaandika, na zaidi ya hapo ahadi ya kichen pati ni nuksi kuifuta. Hilo la nuksi nililitunga palepale. Akawageukia wenzangu, wote wakawa ghafla na kazi nyingi, vichwa chini, mashine zinanguruma. Ila zilikuwa zinanguruma bila kitambaa.

Hakunifukuza. Wiki ile kunifukuza kungekuwa ni kuuandikia ukoo mzima barua. Alinihamishia kwenye vifungo, nami nikakaa kwenye kiti siku nzima kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Jumamosi wifi akaja. Alisema alikuwa anapita tu, amekuja Keko kuangalia vitanda. Mwanamke mnene, mtulivu, marashi yake yakiingia kwanza kuangalia kama kuna usalama. Tukampa shikamoo kwa pamoja, na magoti tukakunja. Akavuta kiti katikati ya karakana, si ofisini, akakaa.

"Wifi," akasema, "mwenye ukumbi ananisumbua. Hii michango ya watoto naomba niondoke nayo."

Madam akacheka kidogo. "Wifi nawe! Haijapigiwa hesabu bado."

"Tangu Januari?"

"Kazi nyingi, wifi."

"Basi tuipige sasa. Mie leo sina pa kwenda. Nyie mabinti, mlikuwa mnabaki mpaka saa ngapi?"

"Mpaka isha," tukasema wote, kama tunaitikia dua.

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Na Jumamosi nzima."

"Isha yenyewe haikai saa ileile," Madam akadakia. "Kuna siku inawahi, kuna siku inachelewa. Siwezi kulipa kwa kubahatisha."

Wifi akamtazama kwa upole. "Wifi yangu, unataka kubishana na muadhini?"

Shoga yangu wa Newala akatoa sauti kama cherehani iliyokwama uzi. Mimi nilikuwa naangalia kifungo mkononi kana kwamba kimeandikwa jina langu. Hesabu ikapigwa palepale kwenye simu ya wifi, kwa sauti, kila saa ikihesabiwa moja na nusu, kama Madam alivyotangaza mwenyewe akiwa na mkoba begani. Jumla ilipotajwa wifi aliguna tu. Nikaona Madam anapima. Akimkabidhi wifi kitita kile chote, ukoo mzima utajua alichokuwa amekikalia. Akikataa, amekuwa mwizi mbele ya mtu aliyesubiri miaka yote hiyo kumwona mwizi.

"Nitawalipa wenyewe," akasema mwishowe. "Kila mtu kwenye simu yake. Kuchanga wachange wenyewe, kwa hiari yao."

"Vizuri sana," wifi akasema, wala hakuinuka. "Walipe. Napumzika kidogo."

Akalipa. Simu zikawa zinalia moja baada ya nyingine, mezani, mifukoni, moja ndani ya sidiria. Yangu ililia ya mwisho, makusudi. Nikasoma ule ujumbe, nikausoma tena. Hela ya sofa ilikuwa imeingia yote, na chenji.

Ndipo wifi akanigeukia mimi, mkono wazi. "Haya, dada wa marinda. Ahadi."

Hapo ndipo mtajua kwamba kidato cha nne hakifundishi kila kitu. Nilikuwa nimepanga kisasi changu mpaka hela itoke kwa Madam. Sikupanga hata hatua moja mbele yake. Niliandika kwa mkono wangu, mbele ya ukoo, majirani na jirani wa keki: ovataimu yangu yote. Yote! Ningeshindwa nini kuandika sehemu? Ni kule kutaka sentensi ipendeze.

Madam akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akajiegemeza kwenye mlango wa kibanda chake. "Eeeh, toa. Si umejifanya una moyo? Watu wote wameona. Toa mwanangu."

Nikaliona sofa langu linatoka mlangoni likielekea kulipia pilau ya watu wa Boko. Na katika hofu ile, mdomo wangu uleule mpumbavu, uliowahi kusema kukaa, ukanisaidia.

"Nitaipunguza, shangazi," nikasema. "Kidogo kidogo."

"Lini?"

"Nikishapiga hesabu."

"Hesabu ya nini, si umeipata sasa hivi?"

"Subirini tu, shangazi. Kwani sisi si familia? Familia haihesabiani."

Shoga yangu akaanguka juu ya rundo la kaptula. Wa kola akakimbilia nje. Wifi hakuelewa mara moja. Alimtazama Madam, akauona ule uso, akaelewa, na alicheka mpaka ikabidi ashike meza ya kukatia. "Wifi," alisema akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, "hawa umewafundisha vizuri." Akabeba mkoba wake, akaenda kuangalia vitanda.

Madam aliingia kibandani, akafunga mlango wa kioo. Mlango wa kioo una shida yake: ukiufunga bado unaonekana.

Sikungoja saa ya kutoka. Nikakata kulia, fundi wa tatu, simu mkononi. Pale lilipokuwa sofa pana kabati.

"Sista," fundi akasema kabla sijafungua mdomo, "nilikupigia."

"Liko wapi?"

"Limechukuliwa juzi. Mie nilikwambia mwezi wa pili. Sasa hivi ni mwezi wa tatu, sista, na mie nina watoto."

"Kachukua nani?"

"Mama mmoja, ana gari. Alisema anapeleka Boko."

Nikasema moyoni, huyo namfahamu. Hapana, hakuwa Madam, nilimwuliza fundi sura na umbo, haikuwa yeye. Lakini siku ile nilimhesabia Madam Boko yote. Fundi alinirudishia kianzio changu bila ubishi, na hilo ndilo lililoniumiza, maana ningepata ubishi ningepunguza hasira. Akanionyesha jingine, rangi ya ugoro, mikono myembamba kama ya mtu anayenyoosha kidole darasani. Nikalikalia. Halikunipenda. Nikaagiza lingine la kijani, akaniambia kitambaa kile hakipo tena, kimekwisha mjini. Basi nikaagiza la bluu, la kungoja.

Nilitembea kwenda kituoni nikiwa na hela yote na bila sofa, na hasira yangu, niliyodhani imeshiba asubuhi, ikaomba sahani nyingine.

Sikuchanga hata shilingi. Bibi harusi mwenyewe sikuwa na neno naye. Alikuwa akija karakana likizo anatusalimia vizuri, na siku moja nilimpelekea doti ya kanga mkononi kwake, tukakumbatiana, nikaondoka kabla mama yake hajarudi. Lakini kwenye grupu nilikaa kimya kama deni. Wenzangu walitoa kila mmoja chochote, wakapata kadi. Shoga yangu wa Newala alitoa kidogo na kwenda kula kingi, alirudi na habari za nyama ya kuku iliyomfanya afungue zipu ya gauni. Mimi kadi sikuitaka. Kwenda kwenyewe ningesukumwa na nani?

Siku chache kabla ya sherehe, nikiwa nyumbani, wifi aliandika kwenye grupu, kwa uchokozi, najua ni uchokozi kwa sababu aliweka ua mwishoni: "Dada wa marinda, ahadi yako bado naiangalia hapa."

Safari hii sikuandika na kufuta.

"Shangazi," niliandika, "ovataimu yangu nilikuwa nimeiwekea sofa. Madam alipoikalia mpaka mwezi wa tatu, fundi akaliuza. Kwa hiyo ahadi yangu nimeshaitoa: nimekaa chini ili yeye akae juu. Mniwekee alama ya vema."

Akaanza mmoja wa Boko: "Heee." Kisha mwingine ambaye simjui: "Kumbe hawakuwa wamelipwa?" Kisha wifi, hana haraka: "Wifi, upo?"

Madam anaandika. Pakapotea. Madam anaandika.

Halafu ukaja ule mstari mdogo wa kijivu katikati ya skrini, usiokuwa na ua wala alama ya mshangao, unaosema mama wa bibi harusi ameondoka kwenye grupu. La kichen pati ya mwanawe wa kumzaa. Watu wakaanza kuulizana ni chaji au ni nini. Wifi akamrudisha. Akaondoka tena. Wifi akamrudisha mara nyingine, kwa upendo, na mimi nikakaa sakafuni na kikombe changu, tamthilia nimeiondolea sauti, nikingoja aondoke.